Mikono ya Silvester Kihwele na Majibu ya Damu

Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, katika chumba cha daktari hospitalini Mbeya, walikuwepo marehemu Silvester Kihwele mwenyewe, mke wake Faustina, mtoto wao wa kwanza Timotheo, mkwe wao Eveline akiwa na mtoto mchanga mgongoni, jirani yao Verediana, aliyefunga duka lake Mafinga ili amsaidie Faustina kubeba mizigo, na Daktari Jaha, ambaye alimpa marehemu kiti chake cha kuegemea, yeye akakaa kwenye stuli. Familia imeomba siku hiyo itajwe kwanza, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1978 katika kijiji cha Igowole, wilaya ya Mufindi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Sosthenes Kihwele na Mama Atuganile. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, na mwenyewe alikuwa akicheka kwamba walimu walimkumbuka kwa kuwabebea wenzake madumu ya maji, si kwa hesabu.

Mwaka 1996 alianza kazi ya kupakia magogo ya misonobari kwenye malori huko Sao Hill, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na saba, na wenzake wakampa jina la Winchi, kwa kuwa kila alipokuja mgeni kazini, marehemu alimwachia ncha nyepesi ya gogo, yeye akashika nzito bila kusema neno.

Tarehe 2 Oktoba 1999 alifunga ndoa na Faustina katika usharika wa Kilutheri Mafinga, wakajaliwa watoto wawili, Timotheo mwaka 2000 na Benedicta mwaka 2004.

Agosti 2014 alikwenda Iringa kwenye harusi ya mdogo wake huko Mlandege, akashusha viti na maturubai peke yake, akala nyama mpaka mashemeji wakamtania kwamba Rujewa nzima, kwa wafugaji, haitabaki na ng'ombe, na kesho yake, kwa kuwa mgongo ulimuuma, akapima damu. Majibu yalionyesha kreatinini iko juu, yaani ile taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo, na karatasi ikakadiria kwamba figo zinachuja kidogo tu zaidi ya nusu ya kawaida. Faustina alilia njia nzima hadi Mafinga, na mama mmoja asiyemfahamu akamfunika kitenge chake mabegani. Kumbe mtaalamu wa maabara, dada Saida, alikuwa hajatulia, akapiga simu mwenyewe kuuliza mgonjwa anafanya kazi gani na jana yake alikula nini, kisha akasema kazi nzito na nyama huipandisha namba hiyo, hivyo apumzike kupakia, aache nyama siku chache, arudie kipimo. Aliporudia, majibu yalikuwa mazuri kwa mtu mwenye mikono kama ile.

Tangu hapo marehemu alitamba kwamba vipimo vinaiogopa mikono yake, na Timotheo, aliyemfuata baba yake kwenye magogo, akaamini hivyo hivyo. Kwa hiyo mwaka 2019, alipokutwa na shinikizo la damu, alimeza dawa siku alizoumwa kichwa tu, Faustina akimbembeleza kila jioni. Mwaka 2023 miguu ilivimba, na safari hii figo zilikuwa zimechoka kweli. Aliacha kazi, mwili ukapungua, mpaka Faustina akaizungushia pete ya ndoa ya mumewe uzi ili isidondoke.

Sasa siku ile ya Machi, kreatinini ilikuwa imeshuka kuliko Januari. Timotheo alishangilia kwenye korido, Verediana akapiga simu Mafinga, majirani wakaanza kuchinja kuku, na marehemu akasema warudi nyumbani, mashine ya kusafisha damu aliyoambiwa aanze wawekewe wagonjwa. Daktari Jaha hakubishana naye. Alizungusha vidole vyake kwenye mkono wa marehemu, vikakutana, akamuuliza Faustina kama huo ndio mkono uliomwoa, naye akatikisa kichwa kukataa. Ndipo akaeleza taratibu kwamba namba imeshuka kwa sababu misuli inayotoa taka ile imekwisha, si kwa sababu figo zimepona, na kwamba kipimo kingine kisichotegemea misuli kimeonyesha zinachuja chini ya sehemu moja ya kumi. Marehemu akamtazama mtoto mgongoni kwa Eveline, akauliza kama ataweza kumbeba siku ya ubatizo. Daktari akamjibu kwamba akianza mashine, anaamini ataweza.

Alianza wiki hiyo hiyo, na tarehe 15 Juni 2025 alimpakata mjukuu wake Devota mbele ya madhabahu, kwa mikono yake mwenyewe.

Marehemu alifariki tarehe 9 Novemba 2025 huko Mbeya, moyo uliposhindwa, Faustina akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Jaha na wauguzi wake, dada Saida aliyesafiri kutoka Iringa, majirani ambao waliposikia ukweli walileta kuku wale wale bila kuuliza kitu, na wapakiaji wa Sao Hill, waliolipiga randa jeneza hili kwa mikono yao.

Winchi, mzigo umeushusha, pumzika kwa amani ya Bwana.

Jana asubuhi, kabla ya kwenda kuchimba kaburi, Timotheo alipima damu, na kabla hajaulizwa, alisema kwamba kazi yake ni kupakia magogo.