Shahidi wa Shamba la Opiyo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Hakimu, ambaye nimesimama kando ya meza yako kwa miaka sita. Bwana Chifu na wazee wa kamati ya ardhi. Makarani na askari wenzangu wa mahakama. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Kisumu mjini na mliotembea kwa miguu kutoka vijiji vya hapa Ahero. Akina mama mlioketi kwenye nyasi ilhali viti vya mbele viko vitupu. Na wewe Agneta, mke wangu, uliyenisihi wakati wa chai nisome tu kile kilichopigwa chapa. Hamjambo nyote.

Kilichopigwa chapa ni hiki hapa. Kurasa nne. Kamati ya sherehe iliniandikia kwamba, kwa kuwa ninastaafu katika mwaka huu wa 1975 ambao serikali inasisitiza maendeleo, ingefaa nizungumze juu ya mchango wa sheria katika maendeleo ya uchumi na jamii. Nikaandika vizuri, msiwe na shaka. Nilisifu hati za kumiliki ardhi, nikasifu mpunga, nikasifu na barabara. Jana nikazisoma karatasi hizi mezani kwangu, na kusema kweli niliona aibu. Nitazikunja na kuzitia mfukoni.

Bado nitaongea juu ya sheria na maendeleo. Mada ni mada, na mimi ni mtu wa mahakama. Lakini leo nitaongea kwa mdomo wangu mwenyewe, jambo ambalo sijalifanya kazini kwa miaka ishirini na tisa. Mkalimani hana maoni. Hakimu akisema kwa Kiingereza, mimi nasema kwa Kijaluo. Mzee akijibu kwa Kijaluo, mimi nasema kwa Kiingereza. Na akija mtu wa kwetu Bungoma aliyepotelea huku, namshughulikia kwa Kibukusu. Mtu akitukana, natukana. Mtu akilia, nangoja amalize. Watu wengi hapa wananijua kwa sauti tu, hawajui kama nina akili.

Wacha niwaambie kwanza sheria inaweza kufanya nini, msije mkasema Simeon Wakhisi amezeeka na sasa anachukia kazi iliyomlisha. Mwaka wa sitini na nne, pale Kisumu, kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Nyeri, Mama Wamucii, akiuza maharagwe sokoni. Mtu mmoja mwenye cheo kidogo alimnyang'anya mizani na kumwambia arudi kwao. Mama akaenda mahakamani. Hakuwa na wakili, hakuwa na ndugu, Kijaluo hakukijua hata salamu. Lakini mchukuzi mmoja wa magunia, Mjaluo wa Sondu, alipanda kizimbani na kusema, "Mimi nilikuwepo, niliona." Maneno matatu! Mizani ikarudi. Leo mama yule ana duka, na ameajiri vijana wa hapa hapa. Hayo ndiyo maendeleo, ndugu zangu, na yalianza siku mtu mmoja alipokubali kusema alichokiona.

Sasa nauliza. Sheria ni kitu gani bila mtu wa kusema alichokiona? Ni vitabu. Vitabu vizuri, vya jalada gumu, na panya wa mahakama yetu wanavipenda sana.

Basi sikilizeni habari ya shamba. Mwaka wa sitini na tisa wapimaji walikuja upande huu kuandikisha ardhi. Mahakama iliniazima kwao niwe mkalimani wao, kwa sababu karani wa upimaji hakujua Kijaluo. Mnaikumbuka foleni ile. Jua kali, vumbi, kila mtu amebeba wasiwasi wake. Wakafika mbele ya meza ndugu wawili, Joram na mdogo wake Opiyo. Shamba lao ni lile linalopakana na mfereji wa maji, udongo mweusi, mpunga unakua hapo mpaka mtu anaona wivu. Nusu analima mkubwa, nusu analima mdogo, na baba yao ndiye aliyewagawia akiwa hai.

Karani akauliza jina la mwenye shamba. Opiyo akasema, "Joram." Nikamwuliza, "Na wewe je?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Wenyeji mnaelewa. Katika dala, yaani boma la watu hawa, mdogo halimi kabla ya mkubwa, hapandi kabla ya mkubwa, havuni kabla ya mkubwa. Angewezaje kusukuma jina lake pale mezani, kaka yake amesimama, watu wakimwangalia, kana kwamba anamhesabu kuwa amekwisha kufa? Alinyamaza kwa heshima. Wangapi hapa mlinyamaza hivyo hivyo siku ile? Nyosheni mikono. Aa, sawa, ishusheni, wengine mnaogopa kutazamwa.

Lakini Joram, na hapa naomba niwe mwangalifu kwa sababu Joram amekaa pale safu ya tatu, Joram siku ile alikuwa mtu mwema. Alisema mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, "Andika mimi, lakini andika kwamba nimeshika kwa ajili yetu wawili. Shamba ni letu." Nikamtafsiria karani. Karani akatazama foleni, akatazama saa, akasema jina moja linatosha. Nami nikawageukia ndugu wale nikawaambia, "Anasema jina moja linatosha, mambo ya undugu mtayamaliza nyumbani."

Hayo ya mwisho karani hakuyasema. Niliyaongeza mimi. Nilikuwa na njaa, mabwana. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, na nilijua Kiingereza, na nilijua karatasi ile maana yake ni nini, na nikawaambia watu wazima wawili waende nyumbani.

Opiyo alifariki mwaka wa sabini na mbili. Alimwacha mkewe Nelima, mama yake Elsie, binti wa kwetu Bungoma aliyeolewa huku na kukijua Kijaluo kuliko hata mimi. Mama Elsie alibaki analima ile nusu, analea watoto wanne. Halafu mwaka jana likaja neno maendeleo. Bwana mmoja anataka kujenga mashine ya kukoboa mpunga, na anataka shamba lililo karibu na mfereji na barabara. Sitamtaja, maana sisi sote tunamwona pale meza kuu, na soda yake ndiyo tunayokunywa. Akaangaliwa mwenye hati. Joram. Joram akauza shamba lote, nusu yake na nusu ya marehemu, na Mama Elsie akajua siku alipoona watu wageni wanapiga vigingi katikati ya mpunga wake.

Joram, usiangalie viatu. Nitakuja kwako, lakini leo si wewe ninayemkasirikia zaidi.

Mama Elsie akashtaki. Kabla ya siku ya kesi alinifuata nje ya mahakama, pale kwenye bomba la maji. Akaniambia, "Baba, wewe ulikuwa pale mezani. Opiyo alinieleza. Njoo useme." Nikamjibu, kwa sauti ya kiofisi, kwamba mtumishi wa mahakama hawezi kuwa shahidi katika mahakama yake mwenyewe. Akaniamini! Mtu wa watu, akaniamini, akanishukuru na kuondoka. Ukweli ni kwamba ningeweza kuomba mkalimani mwingine aletwe kutoka Kisumu, jambo linalofanyika kila siku. Lakini nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu, na mwenye mashine ni mtu mkubwa, na nikajiambia, Simeon, maliza safari yako salama.

Siku ya kesi Hakimu akamwuliza, una shahidi? Mama Elsie akasimama, akaninyoshea kidole, akasema kwa Kijaluo, "Shahidi wangu ni huyu anayesema." Watu waliokuwepo walisikia. Wanaojua Kijaluo mahakamani siku ile hawakuwa wachache, na hakuna aliyekohoa. Mimi nikamgeukia Mheshimiwa Hakimu, nikasema kwa Kiingereza changu kizuri, ambacho mmekisifu sana leo, kwamba anasema shahidi wake hakuja.

Naam. Pigeni makofi sasa!

Mheshimiwa Hakimu, wewe hukukosea. Ulihukumu maneno uliyoyasikia, na maneno uliyoyasikia niliyachagua mimi. Uliandika kwamba mwenye hati anaweza kuwa ameshika kwa niaba ya ndugu zake, jambo hilo sheria inalijua. Lakini hakuna shahidi aliyeletwa kuthibitisha kwamba Joram aliandikwa hivyo. Na ni nani aliyemsomea Mama Elsie sentensi hiyo kwa Kijaluo? Mimi! Nilisimama mita moja kutoka kwake nikamwambia hakuna shahidi, na mama yule akanitazama tu. Hakulia. Afadhali angenitemea mate.

Ndiyo maana ninawaka, ndugu wageni waalikwa. Nimekasirika na karatasi inayotaka jina moja katika nchi ya watu wanaolima wawili wawili. Nimekasirika na haraka hii ya kujenga, kana kwamba mashine ya mpunga haiwezi kusimama mahali pengine ila juu ya mgongo wa mjane. Nimekasirika na nyinyi mliokuwa kwenye foleni mkasikia maneno ya Joram, na nyinyi mliosikia maneno ya Mama Elsie mahakamani, na mkaenda zenu kunywa uji. Tunaimba uchumi, uchumi. Uchumi wa nani? Mama huyu alikuwa anavuna, anauza, analipa karo, watoto wanne shuleni. Kama huo si uchumi, basi ni nini, mchezo? Na zaidi ya wote nimemkasirikia mzee huyu aliyevaa suti ambayo mahakama imemnunulia, aliyesifiwa hapa kwa muda wa saa nzima kuwa ni mwaminifu. Mwaminifu! Haki ya Mungu, neno lile lilikuwa linanichoma kila likitajwa.

Joram, nimefika kwako. Ulisema maneno mema siku ile na ukayala baadaye. Nitayasema mimi chini ya kiapo, na wewe utakuwa mbele yangu. Kama una nguvu ya kuyakana, utayakana ukiniangalia usoni, omera, ndugu yangu, na mama mjane wa ndugu yako akiwa ameketi kati yetu.

Mheshimiwa Hakimu, najua nililolifanya mahakamani ni kosa, na najua linaitwaje katika kitabu. Askari wenzangu wako hapa, wanajua nyumba yangu, hawana haja ya kuuliza njia. Pensheni ikienda, iende. Agneta, usilie, tutaongea nyumbani. Nimeandika kila kitu juzi mbele ya wakili mmoja wa Kisumu: maneno ya Joram mezani, maneno niliyoyaongeza, maneno niliyoyaficha. Nimetia sahihi na kidole gumba juu yake, wasije wakasema sahihi si yangu.

Siku za kukata rufaa zinakwisha leo. Nimezihesabu kama mtu anayengoja mtoto hospitalini. Ofisi ya rufaa mjini inafungwa saa kumi na nusu, na wakili anatungoja mlangoni kwa sababu karatasi inawataka mwenye kesi na shahidi wote wawili. Sasa ni saa nane na robo. Kwa hiyo naomba mniwie radhi kwamba sitakaa kwa chakula, ingawa nimesikia harufu ya samaki na najua ametoka Luanda Kotieno mahususi kwa ajili yangu. Kuleni nyinyi.

Nawashukuru makarani wenzangu kwa kunivumilia. Namshukuru Bwana Mkuu wa Wilaya kwa maneno yake, ambayo sikustahili. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu mpaka mwisho, hata mliokuwa mkitaka kunivuta koti nikae chini.

Mama Elsie, uko pale nyuma kwenye nyasi, nakuona. Inuka twende. Mimi ndiye shahidi wako, na nimekuja.