Saba Imepimwa Wapi?

Katika soko la Mwingi mbuzi hanunuliwi kwa maneno. Unamkumbatia, unamwinua, na mgongo wako unakwambia uzito wake. Musyimi ameinua mbuzi wa watu miaka ishirini na hakosei hata kilo moja, ndiyo maana tunamwita Kilo. Asubuhi hiyo alikuja kwenye benchi la Hemedi muuza kahawa, akamfunga hapo beberu wake wa mbegu, tegemeo la kijiji kizima, ili ambadilishe na simu ya Mulinge fundi simu, yule tunayemwita Profesa. Iliniuma, lakini beberu si wangu.

— Hii chip yake, ubongo wa simu, ni nanomita saba, vipande vya mita visivyoonekana kwa macho, Profesa akasema. Yako ni ishirini na nane.

— Kwani ndogo ndio kubwa?

— Kwa chip, ndio. Watengenezaji walitoka tisini, wakashuka sitini na tano, arobaini na tano, mpaka saba. Swichi zikiwa ndogo zinaingia nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hemedi alisema kibaba gani hicho kinachozidi kupungua. Yeye alisikia swichi hizo zinachongwa na siafu waliofunzwa, wanaolipwa sukari.

— Wacha mchezo, mzee. Wanapiga tone la bati na laser, linatoa mwanga, huo mwanga ndio unazichora.

— Hapo umedanganya. Siafu nilikuwa naamini.

Kilo naye akasema wakifika sifuri simu itabaki roho tu, utapigiwa ukiwa katikati ya maombi na huna pa kuizima.

Hapo akafika Mama Mbula, mwenye mbuzi majike wanne wanaomngoja beberu huyo awapande. Alisikiliza, akaitazama simu.

— Profesa, hiyo saba mmepima wapi?

Profesa aliigeuza simu mara mbili, kisha akakiri kwamba zamani namba ilikuwa kipimo cha kitu ndani ya chip. Siku hizi hakuna kitu humo chenye urefu huo. Simu ni nzuri kweli, ila saba ni jina tu la kizazi.

— Ni kipimo cha nini sasa? Mama Mbula akauliza.

Hemedi akageukia birika lake.

Kilo, asiyekubali uzito ambao hajaupima mwenyewe, aliona haya, ikaonekana. Alimwambia Profesa abaki na simu yake, akafungua kamba ya beberu, akampa Mama Mbula.

— Enda na yeye kwa wale wanne wako. Ni kilo hamsini na mbili. Ukibisha, mwinue.

Mama Mbula akaweka kikapu chini, akamwinua.