Dokta Hajapimwa

Benchi la Sylvester muuza kahawa liko kwenye kona ya barabara ya Lamadi, mjini Bariadi, na sifa yake ya kwanza si kahawa, ni mtandao. Pale simu hushika hata siku ambayo maofisini watu wanaangaliana tu. Ndiyo maana alasiri ile Nkwabi alikuwa amekaa hapo na shati lililopigwa pasi mara mbili, simu ameiegemeza kwenye kopo la kashata, na katikati ya magoti yake kashika fimbo ndefu yenye mistari ya rangi. Malori ya pamba kutoka Kasoli yalikuwa yakipita na kumwaga nyuzi nyeupe, na kila uzi ulipotua begani mwake aliupangusa kama anafukuza mkosi. Saa kumi maprofesa wangempigia simu ya video, wamhoji, kisha waamue kama anafaa kusomea udaktari wa afya ya kimataifa. Mwaka jana walimhoji, wakamkataa kwa barua nzuri mno. Mkewe Lucy aliposomewa alipiga vigelegele, akidhani amekubaliwa. Na chuo kile hakimhoji mtu mara ya tatu.

— Dokta, unatikisa benchi, alisema Masele, karani mstaafu wa pamba, ambaye kijiwe kinamwita Waziri kwa sababu ana majibu ya wizara zote. Kahawa yangu inamwagika.

— Si mimi, ni lori.

— Lori gani? Lile saa hizi liko Dutwa.

Nkwabi akabana magoti. Hilo jina la Dokta nalo lilikuwa la kijiweni tu. Kwa kazi yeye ni bwana afya, mratibu wa dawa za kichocho, na tangu azaliwe hajamchoma mtu sindano. Amesafiri, ndiyo. Amefika Accra, amefika Kathmandu, na kote huko alichokiona vizuri ni ukumbi wa semina. Nyumbani ana mikoba ya mikutano ya kutosha kufungulia duka, yote zipu mbovu.

— Hebu nieleze tena, alisema Method, fundi simu, maarufu kama Satelaiti. Miaka yote tunakuita Dokta. Leo unataka kusomea udokta?

— Huu ni udaktari wa watu walio kazini. Unasoma huku unaendelea na kazi, na utafiti wako unatoka kwenye kazi hiyohiyo.

— Yaani unasomea kazi unayoifanya.

— Ndiyo.

— Sasa ulikuwa unaifanyaje?

Kijiwe kikacheka. Nkwabi naye akacheka, lakini jicho likaenda kwenye saa.

— Na hiyo afya ya kimataifa, Sylvester aliuliza akimmiminia kikombe, mgonjwa ni nani? Taifa?

— Kichocho kiko nchi nyingi, ndugu yangu. Sisi, Msumbiji, Brazili...

— Brazili! Na mpira wote ule, kumbe wanakojoa damu kama sisi! Sylvester alionekana kufarijika sana.

— Sikilizeni, jamani, nina dakika chache, Nkwabi alisema, na sauti ikamponyoka ikapanda. Watu wa mwambao wa ziwa wanashinda majini. Wanavua humo, wanafua humo, wanaoga humo. Tumewapelekea dawa, ya bure, mpaka mlangoni. Safari iliyopita tulirudi na makopo yamejaa. Maprofesa wataniuliza jambo moja tu: kwa nini wanakataa? Majibu ya kwenye slaidi ninayo. Mwaka jana niliwapa hayohayo, mkaona barua. Leo nataka jibu la mtu. Nyie ni watu, au siyo?

— Inategemea siku, alisema Method.

— Mimi nakujibu, alisema Masele, akaweka kikombe chini, dalili mbaya. Kidonge chenu ni kikubwa. Kile ni cha ndama. Msukuma anajua dawa ya minyoo ya ng'ombe tangu akiwa mchungaji. Ukimpa kidonge cha ndama anajiuliza, huyu ananitibu au ananinenepesha aniuze?

— Hapana, Waziri, tatizo ni hiyo fimbo, Method alidakia. Dokta, hebu waambie inafanyaje kazi.

Nkwabi akaisimamisha. Mwaka huu maprofesa walitaka kila mwombaji aje na kifaa kimoja cha kazi yake, akioneshe kwenye kamera. Yeye aliichagua hii fimbo.

— Vijijini hatutembei na mizani. Mtu anasimama hapa, kichwa kinapoishia ndipo penye idadi ya vidonge vyake. Mrefu anameza vingi, mfupi vichache. Wajanja wanakunja magoti ili wapunguziwe.

— Umeona? Method alishusha sauti. Sasa nani anataka kujua urefu wa Wasukuma wote? Kimataifa! Wanatafuta wacheza kikapu. Unapimwa leo, kesho jina lako liko Amerika, mwanao anachukuliwa usiku na ndege isiyo na taa.

— Wewe na minara yako ya simu! alisema Masele, ambaye hakupenda kushindwa kwa uongo. Mbona hamsemi lililo wazi? Mtu anapimwa kwa fimbo lini? Akishakufa! Wanaume wanaingia ndani na mti, wanampima marehemu, wanatoka nao kimya kwenda kuchimba. Sasa huyu Dokta wetu anafika asubuhi kwa mtu mzima wa afya, anasema simama nikupime na fimbo. Anachukua vipimo mapema, ili siku ikifika wachimbaji wasisumbuke!

Kijiwe kikalipuka. Sylvester alicheka mpaka akaishikilia meza. Method alipiga paja.

Nkwabi hakucheka. Akilini alikuwa anamwona bibi mmoja wa kule ziwani, jinsi alivyorudisha mabega nyuma fimbo ilipomgusa mgongoni, akafumba macho. Yeye alimwambia kwa uchangamfu ule anaowaambia wote: unaogopa nini, mama? Bibi akaondoka bila kumeza dawa. Inawezekana ni maneno ya Masele tu, ya kahawa. Inawezekana pia siyo. Saa ilikuwa karibu kumi, na jibu aliloanza kulishika likamtoka tena.

— Mwadila, baba zangu.

Aliyesalimu kwa Kisukuma alikuwa mwanamke mwenye beseni la dagaa kichwani. Sylvester akampokea beseni, akalitua.

— Mwadila, mayu Nyanjige, mama yetu. Leo umechelewa kutoka Lamadi.

— Gari lilikataa, alisema, akakaa ncha ya benchi. Macho yake yakaenda kwenye fimbo, yakatulia hapo. Hiyo naijua. Ilikuja kwetu ziwani.

Nkwabi akageuka mwili mzima.

— Wewe ulisimama, mayu?

Nyanjige akaiacha fimbo, akamgeukia yeye. Alimwangalia kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye upara, kama anayepima samaki kwa macho.

— Wewe, baba, ulisimama?

Nkwabi akaitazama fimbo mkononi mwake. Fimbo ile ameibeba miaka. Ameishika mashuleni, ameishika mialoni kwa wavuvi, amepigwa nayo picha, uwanja wa ndege waliwahi kumuuliza kama ni silaha. Siku zote yeye alikuwa upande wa kushika. Na utoto wake wote, mchungaji kama wenzake, alioga kwenye lambo moja na ng'ombe.

— Si unajua, mimi ndiye... alianza, akaacha. Akawatazama wenzake. Waziri, wewe je?

— Mimi kipindi kile nilikuwa msibani.

— Satelaiti?

— Nina vidonda vya tumbo.

— Sylvester?

Sylvester aliinua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Hata hivyo aliendelea kulitikisa, ili asijibu.

Simu ikaita.

Ilitetemeka kwenye kopo la kashata, ikaanza kuteleza. Kijiwe kizima kikasimama.

— Dokta! Ndio wenyewe! Pokea!

— Shati lako, Dokta, pamba begani!

Nkwabi alisimama, lakini hakwenda kwenye simu. Alimpa Nyanjige fimbo kwa mikono miwili.

— Nipime, mayu.

Method hajawahi kuiacha simu iite, si ya kwake wala ya mteja. Akabonyeza. Kioo kikajaa nyuso tatu zenye miwani, na nyuso hizo zikaona mtu mzima kasimama wima kando ya barabara, fimbo ya rangi mgongoni, na kiganja chenye magamba ya dagaa juu ya upara wake.

— Bwana Nkwabi? mmoja aliita kwa Kiingereza. Unatusikia? Tuanze?

— Nawasikia, alijibu. Naomba mnisubiri kidogo. Napimwa.

Nyanjige alifumba jicho moja, akasogeza kiganja kutafuta mstari, kisha akakunja uso.

— Nyoosha magoti, baba, alisema. Unaogopa nini?