Nyongeza Aliyotunyima Gunnel

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, Ndugu walimu wenzangu, Ndugu wageni mliotoka mbali, na wewe Gunnel, uliyenuna hapo mbele kwa sababu hukutaka sherehe ya kustaafu:

Miaka ishirini na miwili iliyopita nilifika hapa Gothenburg nikijiona bingwa wa Haskell, lugha ya kuandikia programu. Maktaba ya programu aliyoitunza Gunnel ilitumia klasi za aina, yaani makundi ya aina za data zenye vitendo vya pamoja, kwa mtindo wa kawaida tu, unaokubaliwa na kila kompaila, ile programu inayotafsiri kodi kwa ajili ya mashine, nami nikauona wa kishamba. Nikawasha nyongeza zote za lugha, vile vipengele vya ziada ambavyo si kila kompaila inavielewa, kwa amri moja, kwa mradi mzima, nikaandika klasi yenye vigezo viwili, jambo ambalo mtindo wa kawaida hauliruhusu, na kodi ya programu ikapungua nusu. Nani asingejisifu?

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Aino, mwalimu wa shule kule Haparanda, kaskazini kabisa, mwenye mashine kuukuu na kompaila ndogo isiyojua nyongeza hata moja. Toleo la zamani la maktaba yetu lilikuwa na hitilafu, jipya lenye klasi yangu limemgomea, na wanafunzi wana mtihani Ijumaa. Gunnel akanikabidhi simu: "Haya bingwa, ongea naye."

"Mwalimu, si mtumie tu kompaila kubwa?"

"Haiingii kwenye mashine zetu, kijana. Au uje uwaambie watoto mwenyewe?"

Niliona aibu, jamani. Siku tatu mimi na Gunnel tuliketi, kwa kahawa na maandazi ya mdalasini, tukiiondoa ile klasi na kupitisha kwa mkono kila kitendakazi ambacho klasi ilikuwa ikituchagulia yenyewe. Kodi ikarefuka, ikawa mbaya kuitazama. Ijumaa wanafunzi kumi na wanne walifanya mtihani.

Tangu hapo, kila tulipoomba nyongeza Gunnel alituuliza, "Umemuuliza nani?" Tulimwita king'ang'anizi, na wakati mwingine hatukukosea: zipo kazi zilizochelewa bure.

Mwezi uliopita, Gunnel mwenyewe aliwaandikia watumiaji wote, mmoja mmoja. Aino akajibu kwamba mashine zile zilishatupwa zamani. Basi Gunnel akaitaja nyongeza moja tu, waziwazi, mwanzoni mwa faili moja tu, akairudisha klasi yangu pamoja na jina langu, kisha akaniletea niidhinishe. Nikaikalia wiki mbili. Haikuwa na kosa, ndugu zangu. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, nami sikutaka iishe.

Nimeiidhinisha leo asubuhi.

Gunnel, asante. Nanyi mlionivumilia na kunisikiliza, asanteni sana.