Cornelius Ewoi Ekwam, Aliyelinganisha Kiangazi na Kiangazi

Mjini Lodwar walimwita Mzee wa Takwimu. Kwao Namoruputh alibaki kuwa Ewoi wa Ekwam. Alizaliwa huko Namoruputh tarehe 14 Agosti 1966, kifungua mimba wa Mzee Ekwam na Mama Nawoi. Yeye na dada yake mdogo, Akiru, walichunga mbuzi pamoja hadi padre alipompeleka Ewoi shule ya bweni Lodwar. Akiru alibaki na mbuzi, na jambo hilo lilimkaa Ewoi rohoni.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akasomea takwimu Nairobi, na mwaka 1991 akaajiriwa na serikali, Lodwar. Alizunguka Kakuma hadi Lokiriama akiuliza watu kama walifanya kazi wiki iliyopita. Alipenda kusimulia habari za mzee wa Lokiriama aliyemjibu huku akihema nyuma ya kundi la ng'ombe, jasho likimtiririka: "Kazi? Mimi sina kazi. Nachunga tu." Ewoi alicheka, akamwandika hana kazi. Miaka ya mwisho hakukicheka tena kisa hicho.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa kanisani Lodwar na Mwalimu Jebet, aliyekuwa amehamia kutoka Kapsabet. Walijaliwa Olive na Aregae.

Februari 2022, ukame ukiwa umekaza, aliwasomea wakubwa takwimu ghafi za ajira, yaani hesabu kama zilivyokusanywa, bila kuondoa athari za msimu. Kakuma, wenye kazi walikuwa wameongezeka sana tangu Mei, mwishoni mwa msimu wa mvua. Wakubwa wakapiga makofi. Ewoi alijua vizuri kwamba kila kiangazi malisho yakiisha, wachungaji huingia mjini kubeba mizigo na kuchoma makaa, wakahesabiwa wana kazi. Mvua ikinyesha hurudi kwa mifugo, wakahesabiwa hawana. Ongezeko lile lilikuwa njaa tupu. Lakini chakula cha mkutano kilikuwa tayari, makofi yalikuwa matamu, akakaa bila kulisema.

Mwezi haukuisha kabla ya mradi wa kazi kwa chakula kufungwa, kwa kuwa eti ajira imepatikana. Akiru, ambaye ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi, alikuwa akichimba bwawa katika mradi huo. Alikwenda hadi Lodwar, akasimama mlangoni kwa kaka yake.

"Ndugu yangu, mimi nachoma makaa juu mbuzi imekufa. Wewe unaambia wakubwa nimepata kazi?"

Hakuingia, wala hakurudi tena. Ewoi aliwaendea wakubwa akaungama kosa lake. Walimsikiliza kwa heshima, mradi haukufunguliwa. Tangu hapo hakusoma tarakimu yoyote ya Februari bila kuiweka kando ya Februari zilizopita. Hata Jebet akisema nyanya zimeshuka bei, aliulizwa, "Kuliko msimu upi, mama?" Watoto walimtania sana, naye alikubali kutaniwa. Aliagiza mwenyewe kwamba habari hii isomwe leo, siku ya kumzika.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alimwambia Jebet, "Nikifa kiangazi, msifurahie umati. Watu wote watakuwa mjini." Kila mvua ikianza, alimtuma Aregae Namoruputh kumwita shangazi yake, na kila mara Aregae alirudi peke yake. Alifariki nyumbani Lodwar tarehe 23 Aprili 2025, mvua ikinyesha. Siku ile pia aliuliza kama Akiru amefika. Hakuwa amefika.

Sasa Namoruputh kuna majani, na hakuna mchungaji mwenye shughuli mjini. Juzi jioni Akiru aliwaacha malishoni mbuzi wachache alioanza nao upya, akaja kwa miguu na lori, akaingia mlango ule ule. "Ejok, Jebet," alisalimu kwa Kiturkana. "Nimekuja kwa ndugu yangu."

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Jebet. Watoto, Olive na Aregae. Na dada yake, Akiru, ambaye amekuja wakati wa mvua. Mungu ampe Ewoi amani aliyoikosa tangu Februari ile, apumzike.