Kamba Iliyobaki Msumarini

Vuteni viti, wanangu, mkae hapa ubavuni nisilazimike kupaza sauti, maana sauti yenyewe imebaki ya kubana matumizi. Cheche, binti yangu, mwanangu wa kwanza, weka chini hicho kikombe. Sitaki maji, nataka masikio. Na wewe, mdogo wake, karani wetu wa gereji, zima simu. Nimesema zima, sijasema ilaze kifudifudi. Haya. Nimefunga mdomo miaka kumi na mmoja, na nikiufunga mpaka Jumamosi kuna watu watakufa kwa sababu yangu.

Juzi mliingia humu meno yote nje, mkaniambia mmelifunua Panzi, lile gari la kijani la Ulaya, la viti viwili, lisilo na paa. Mmeling'arisha, injini imewaka mara ya kwanza, na mmempigia daktari wa meno aje Jumamosi kulichukua gari lake. Mlidhani mnanifurahisha, kumbe mlinikata maini. Gari hilo lisitoke. Nitawaambia sababu, kisha mnidharau mkitaka, ila mnisikilize kwanza mpaka mwisho.

Mimi ufundi sikufundishwa na mtu. Nilifungua injini ambazo wengine walizikatia tamaa, nikazifunga, nikakosea, nikarudia, mpaka vidole vikajua vyenyewe. Ndiyo maana nilitundika ule ubao mlangoni, HAPA HATUDANGANYI MTU, na mteja kwangu aliambiwa ukweli hata kama niliutoa umefungwa ndani ya matusi. Hasira zangu mnazijua. Karani, kovu la mguuni mwako naliona kila ukivaa kaptula, na ile spana sikukulenga wewe, nililenga ukuta. Lakini mwongo sikuwa. Hivyo ndivyo mlivyoamini, na ndivyo nilivyowaacha muamini.

Panzi lililetwa juu ya lori, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa la baba yake daktari. Utotoni alipakatwa humo na mama yake wakishuka mlima upepo ukiwapiga usoni, na sasa alitaka kumpakiza mkewe washuke mlima ule ule. Kutu ilikuwa imekula vizingiti, ile mihimili miwili inayopita chini ya milango. Ilibidi ikatwe, ichomelewe mipya. Nilikuwa nafanya kazi na baba yenu mdogo, yule ambaye wateja walimwita Kamba, kwa sababu hakugusa bodi ya gari kabla hajanyoosha kamba yake kutoka kona hii hadi kona ile, akafunga fundo, akapima na upande wa pili.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshika grenda, ile mashine ya kukatia chuma. Akaniambia, "Kaka, chomelea nondo kwanza kwenye nafasi za milango. Gari lenye paa hushikwa na paa. Hili linashikwa na hivyo vizingiti tu, ukivikata linabonyea katikati."

Nikamuuliza, "Umesomea wapi hayo?"

Akacheka, "Sijasoma popote, nina kamba."

Mafundi wa jirani wakacheka naye, na kicheko kile kikanipanda kichwani. Mimi nifundishwe na mdogo wangu, mbele ya watu, kwa uzi! Nikavikata vyote viwili, huku na huku, kabla ya chakula cha mchana. Sikusikia hata mlio. Gari liliketi tu, taratibu, kama mzee anayekaa kitini, na nilipokwenda kufunga mlango haukuingia mahali pake. Upana wa kidole, wanangu. Kidole kimoja tu.

Daktari akatokea alasiri ile ile, akausukuma mlango, ukakataa. Akauliza, "Nani amekata hapa?" Nami nikasema, "Mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimetoka."

Kamba alikuwa amesimama pale pale, kamba mkononi. Alinitazama. Nilingoja anitukane, kwa matusi ningejua la kufanya. Akasema, "Sawa, kaka," akaitundika kamba msumarini juu ya meza ya kazi, akanawa mikono, akaondoka. Nanyi mkakua mkisikia kwamba baba yenu mdogo aliharibu gari la mtu akakimbia aibu. Cheche, siku ya harusi yako alifika mpaka getini na zawadi chini ya kwapa. Nilimrudisha mimi. Nilikuambia hakuja.

Lia, lakini usitoke. Sijamaliza.

Nilichomelea vizingiti vipya gari likiwa limebonyea vile vile, bati jipya juu ya kutu ya zamani. Milango nikaisaga kingo mpaka ikaingia, nikapaka puti ya kuziba mianya, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Ukilitazama linapendeza kuliko lilivyotoka kiwandani. Kila daktari alipouliza nilimwambia kuna kifaa kinasubiriwa, maana nililijua: likipakiwa watu wawili likashuka mlima, likakutana na shimo moja, litajikunja katikati kama kitabu. Sikuthubutu kulitoa, na sikuthubutu kusema.

Basi fanyeni hivi. Karani, mpigie daktari leo, mwambie kwa maneno haya haya: aliyekata ni baba yangu, na alikudanganya. Usiyalainishe. Ule ubao ushushe mpaka gari linyooke. Cheche, mashine ya kuchomelea ni yako, na meza ya kazi, na jina la gereji. Nenda kwa baba yako mdogo, anatengeneza cherehani barazani kwake nyuma ya kiwanda cha magodoro. Usimwambie naumwa, atakuja kwa huruma, sitaki huruma. Mwambie kaka yake amekiri mbele ya watoto wake. Mpelekee kamba yake. Akikataa... ana haki. Muiache mlangoni pake, mrudi.

Akikubali, asimamie yeye, nanyi mfanye anachosema. Toeni puti yote, hata ile... nzuri. Nondo kwenye milango. Halafu ndiyo... Subiri. Niinue kidogo. Hapo.

Mungu awape mikono isiyotetemeka, na ulimi... ulimi mwepesi wa kusema nimekosea, mwepesi kuliko wa baba yenu. Mpendane. Msichekane kwenye kazi, na mkichekwa... mkichekwa, wekeni grenda chini.

Cheche. Kona kwa kona, mama. Fundo, halafu... upande wa pili. Usikate kwanza. Kamba kwanza.

Kamba... kwanza.