Bodi ya Baba, Chesisi ya Watu

Ndugu zangu wa kikundi, mnivumilie. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na herufi zangu zinapanda na kushuka kama mistari ya mtu anayepanda pamba bila kamba. Neno nililolikosea lirukeni. Nimemwomba katibu awasomee kwa sababu nikisimama mbele za watu sauti hunikimbia, na haya ya leo sitaki yakimbie.

Pikapu yetu mnaijua, ile ya zamani ya kijani, yenye taa za mviringo. Marehemu baba aliibebea pamba ya Nkoma maisha yake yote. Alipofariki nikaishika mimi, nayo ikawa inamlisha mama na wadogo zangu. Siku moja nikiwa na mzigo, chesisi, ile mifupa ya chini inayobeba bodi, ikakatika. Kutu ilikuwa imeila ndani kwa ndani. Bodi ilibaki nzima, lakini gari lililala uani kama ng'ombe aliyevunjika mgongo.

Akaja mtu wa ukoo wetu. Simtaji. Yupo humu, amekaa vizuri.

Alimwambia mama, "Shemeji, hiki ni chuma chakavu. Nitaleta watu wakikate. Huyu nyanda, huyu kijana wako, hata salamu inamshinda, gari ataliweza?"

Mama akamjibu, "Subiri soko la pamba lifunguliwe. Siku hiyo likiwa halijatembea, lichukue."

Ndugu zangu, nawaambia, nilimchukia kuliko kutu.

Upande wa Maswa kulikuwa na pikapu nyingine iliyopinduka. Bodi yake ilisagika, lakini injini na chesisi vilikuwa vizima. Mama akatoa maksai wake wa kulimia tukaipata. Kazi ikawa kuivua bodi ya baba na kuivalisha chesisi hiyo ngeni. Matundu ya bolti hayakulingana, kwa hiyo ilibidi kuchomelea vishikio vipya.

Tukaita fundi kutoka mjini. Huyo alijiita injinia. Alikuja na miwani ya jua na maneno mengi, ila futi hakuwa nayo. Akachukua kamba ya katani ya mama, ile ya kunyooshea mistari ya pamba, akapima matundu ya bodi na kufunga mafundo. Kisha akaitupa kwenye majani akaenda kulala. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi akaiokota ikiwa inachuruzika, akapimia chesisi, akachomelea vishikio huku akipiga mluzi.

Tukawaita basumba, vijana wanaolima kwa zamu kwa kufuata ngoma. Ngoma ikapigwa, wakainyanyua bodi kama mnavyonyanyua jeneza, wakaishusha. Tundu hata moja halikukutana na mwenzake.

"Bodi yenu imepinda kwa uzee," injinia akasema. "Leteni msumeno niikate."

Nikatikisa kichwa. Akafunga vifaa vyake, akapanda bodaboda, akaenda zake na miwani yake. Injinia! Mbuzi angepima vizuri zaidi, maana mbuzi angeila ile kamba tukatafuta nyingine.

Hapo mlicheka. Naandika "mlicheka" kwa sababu wengi wenu mlikuwepo. "Kichwa cha mbuzi, shingo ya twiga!" mmoja akapaza sauti. Mtu wa ukoo alicheka mpaka akashika ukuta wa nyumba aliyoijenga baba yangu.

Katika kucheka huko, dada mmoja wa basumba akasema, "Na nyie mnapima gari kwa kamba iliyolowa? Sisi hata pamba hatupandi nayo mpaka ikauke. Ikilowa inafupika, mistari inabanana!"

Hakuwa ananifundisha, alikuwa ananicheka tu. Walipoondoka nikaichukua ile kamba, sasa imekauka, nikainyoosha juu ya chesisi. Fundo lilipita kishikio kwa vidole vitatu. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Bodi ya baba haikuwa imepinda.

Niliazima futi kwa seremala, nikapima kona kwa kona. Jirani anayechomelea majembe ya maksai akavikata vile vishikio na kuvihamisha, nami nikakata raba za tairi kuukuu za kuweka katikati ya bodi na chesisi. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko chuma: kuwafuata walionicheka na kufungua mdomo. Nilisimama shambani kwao mpaka ngoma ikanyamaza, nikasema, "Njooni tena." Maneno mawili tu. Wakaja. Safari hii bolti ziliingia kwa vidole.

Siku ya kufungua soko, mtu wa ukoo alifika na marobota yake kabla ya wote.

"Nyanda, nifungulie mlango nikae mbele."

"Mbele anakaa mayu, mama yangu," nikamwambia. "Wewe panda juu ya pamba."

Akapanda. Barabara ilikuwa na vumbi, na sikuwahi kuendesha kwa raha kama siku ile.

Namshukuru mama kwa maksai wake, jirani kwa moto wake, basumba kwa mabega yao, na Mungu aliyeikausha kamba. Nilichojifunza ni hiki: anayekucheka, msikilize vizuri, maana kwenye kicheko chake kinaweza kuanguka kitu. Kiokote. Yeye mwenyewe mwache hapo hapo.

Nanyi niandikieni, hata kwenye kikaratasi cha sabuni, mumpe katibu. Kusoma naweza, ni kuongea tu kunakonishinda. Mtu wa ukoo naye aandike siku anayotaka kusafiri. Juu ya pamba nafasi bado ipo.